Niliibandua Plasta ya Mama, Nikamwacha Abebe Kosa Langu

Kosa langu la kwanza lilikuwa dogo kama ukucha. Kona ya plasta kwenye kifua cha mama ilikuwa imejikunja, na mimi nikaibandua.

Niliambiwa nisiiguse. Niliambiwa mara mbili, kwa Kiswahili kilichonyooka, na mara zote mbili nikaitikia, "Ndiyo, sista." Kisha nikaigusa. Yote yaliyofuata yalianzia kwenye kona ile.

Nivumilie msomaji. Ukurasa huu nimeuandika na kuuchana mara tano kwa sababu mwandiko ulikuwa unapinda. Ndivyo nilivyo! Siwezi kuona kitu kimekaa upande nikakiacha. Watu husema ujinga ndio unaoua. Mimi kilichoniponza ni kutaka kila kitu kinyooke, na zaidi ya hapo, kutaka nionekane kwamba kwangu kila kitu kimenyooka.

Kwetu ni Biharamulo. Wazazi wangu ni Wasukuma, walihamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga kabla sijazaliwa. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini kusoma sikuacha. Nilijifunza mwenyewe kutibu ng'ombe kwa kusoma karatasi zilizomo ndani ya maboksi ya dawa, na kwa kutazama video kwenye simu mpaka chaji iishe. Nikajua kuchoma sindano, kupima joto, kusafisha kitovu cha ndama. Majirani wakaanza kuniita Daktari. Mwanzoni ulikuwa utani. Baadaye, Mungu anisamehe, nikauamini.

Figo za mama ziliposhindwa kazi, ikabidi damu yake isafishwe kwa mashine mara mbili kwa wiki. Baba akabaki na mifugo. Mimi na mama tukahamia Ngara, kwa dada yangu aliyeolewa Kirushya, kwa sababu kutoka kwake tunaifikia hospitali mapema. Hospitali yenyewe sitaitaja. Haina kosa.

Kwa ambaye hajawahi kuona: mama aliwekewa mpira. Unaingia chini ya mfupa wa bega, unapita ndani ya mshipa mkubwa hadi karibu na moyo. Nje inabaki mikia miwili yenye vifuniko, ndiyo inayounganishwa na mashine. Pale unapoingilia kwenye ngozi panafunikwa kwa plasta.

Sista wa chumba cha mashine nitamwita Adela, ingawa si jina lake. Siku ya kwanza alinishika bega akasema, "Kijana, huu ni mlango wa moyo wa mama yako. Unafunguliwa hapa tu, na sisi tu, tukiwa tumevaa barakoa. Plasta ikilowa au ikiachia, mlete. Akipata homa au akitetemeka, mlete siku ile ile. Na usimpe dawa ya dukani. Umesikia?"

"Ndiyo, sista."

"Hebu rudia."

Nikarudia neno kwa neno, sikukosea hata moja. Akafurahi sana. Akawageukia ndugu wa wagonjwa wengine waliokaa kwenye benchi: "Mnamwona huyu? Igeni kwake!"

Ole wangu na sifa ile! Natamani angenitukana.

Wiki ya tatu plasta ikajikunja kona. Haikuwa imelowa wala haikuwa imeachia, ni kona tu. Asubuhi nzima jicho langu lilikuwa pale. Mama anakunywa uji, mimi natazama kona. Anacheka na dada, mimi natazama kona.

"Una nini wewe?" akaniuliza. "Unanikodolea kama ng'ombe wa kununua."

"Plasta, mayu. Imekaa vibaya." Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma.

"Si wamesema isiguswe?"

"Nitanawa mikono."

Nilinawa kweli. Nilinawa mpaka viganja vikauma. Nikabandua, nikapangusa kwa spiriti. Halafu nikafanya kile ambacho nyumbani kila mtu hukifanyia kidonda: nikafungua kidonge cha rangi mbili, ile antibiotiki ya kila duka, nikanyunyiza unga wake pale mpira unapoingilia. Nikafunika kwa plasta mpya, nimeipima kwa rula pande zote nne.

Siku ya mashine Sista Adela akaitazama, akamwambia mwenzake, "Umebandika vizuri safari hii, imenyooka." Mwenzake akatabasamu, akaipokea sifa. Mimi nikanyamaza. Nilijisikia fahari, wallahi! Na tangu siku hiyo nikawa naibandua kila nilipoiona na dosari. Na dosari mimi siikosi kamwe.

Sasa nikueleze mama yangu alikuwa mtu wa namna gani. Shule hakwenda, lakini alikuwa na masikio! Pikipiki ikiwa bado iko nyuma ya migomba, yeye kashajua ni ya nani. "Hiyo ya Deo, inakohoa kuliko mimi." Kweli, Deo wa bodaboda anakata kona. Kule Biharamulo alikuwa akikaa ndani anamjua kila ng'ombe kwa mlio wake, na akisikia mmoja amelia tofauti anatuma mtu akamwangalie. Nikisema mimi ni daktari, basi yeye ndiye aliyekuwa kipimo.

Homa ya kwanza ilikuja siku ya Jumamosi, mchana wa jua kali. Mama alikuwa anachambua maharage. Mara ungo ukaanza kutikisika mikononi mwake, maharage yakaruka nje. Meno yanagongana. Tukamfunika mablanketi mawili, bado anatetemeka.

Dada akasema, "Hospitali. Sasa hivi!"

Deo hakuwepo, alikuwa amepeleka abiria Keza. Pikipiki iliyokuwepo uani ni ya shemeji, mume wa dada. Na hapo ndipo shida ilipo: kwetu mama mkwe hapandi nyuma ya mkwewe akamshika kiuno. Hata kula tu mama alikuwa anakula chumbani kwa ajili ya heshima hiyo.

Shemeji, maskini, alisimama mlangoni amegeuzia uso ukutani. "Mwambieni mama nitaweka mto katikati. Nitaweka hata gunia la viazi. Sitageuka nyuma mpaka tufike."

Mama akajibu kutoka ndani ya mablanketi, meno yakigonga, "Mwambieni mkwe wangu nimeshukuru. Nife kwa homa, nisife kwa aibu."

Dada akaniangalia. "Daktari, sema neno."

Ningeweza kusema. Ningeweza kumpigia simu Sista Adela, namba nilikuwa nayo. Ningeweza kwenda mpaka barabarani nikatafuta pikipiki nyingine. Lakini chini ya blanketi ile kulikuwa na plasta yangu, na chini ya plasta unga wangu wa rangi mbili. Siku za mashine huunganisha mikia tu kwa haraka; wakimfungua siku nyingine, bila haraka, wataona. Nikajificha nyuma ya heshima ya mama. Nikasema, "Tumsikilize mgonjwa. Mimi nitamtuliza."

Nikampa rangi mbili. Baada ya siku mbili homa ikatoka. Akaomba ugali na mlenda, akala akamaliza.

Wafugaji wenzangu mtanielewa hapa. Zizini tuna kanuni yetu: ng'ombe akisimama akarudi kwenye majani, sindano imetosha. Dawa inayobaki haitupwi wala haimaliziwi, inawekwa kwenye kopo juu ya boriti, ingojee mwingine. Nilikuwa nimeshaona ndama aliyeugua tena baada ya hapo na sindano ikagoma, nikasema ni bahati mbaya. Mama aliposimama akala, nikakusanya vidonge vilivyobaki, nikaviweka kwenye kopo la maziwa, nikaliweka juu ya boriti ya jikoni kwa dada.

Mwezi uliofuata homa ikarudi. Nikashusha kopo. Safari hii siku tatu. Akasimama, nikaacha.

Mara ya tatu vidonge vya kopo havikufua dafu. Nikaenda duka la dawa, nikajitambulisha kwa sauti ya mtu anayejua, nikaomba dawa kali zaidi, nikiitaja kwa jina. Muuzaji akauliza ni ya nani. Nikasema ni yangu. Ikafanya kazi, lakini taratibu, kama mtu anayesukuma gari bovu. Nikaiacha siku mama aliposimama. Iliyobaki, kwenye kopo.

Na kila siku ya mashine Sista Adela anauliza, "Homa yoyote nyumbani?" Nami najibu, "Hakuna, sista." Mama ananitazama, halafu anatazama dari.

Mara ya nne hakukuwa na cha kopo wala cha duka. Alitetemeka juu ya mashine yenyewe, mbele ya wote. Kitanda kikawa kinagonga ukuta. Wakasimamisha mashine, daktari akaja mbio, wakachukua damu mkononi na kwenye mpira, ipelekwe maabara kuoteshwa, waone ni mdudu gani na anauawa na dawa gani.

Daktari akaniuliza, kalamu iko tayari, "Kuna dawa yoyote ameitumia miezi hii?"

Dakika ile, ndugu zangu! Ningeipata tena ningelipa kwa vidole vyangu. Benchi lilikuwa limejaa watu wale wale walioambiwa waige kwangu.

Nikasema, "Hapana, daktari. Hajatumia kitu."

Akaandika.

Wakamlaza wodini, wakamwanzishia dawa ambayo ingemfaa mtu asiyekuwa ametumia kitu. Siku ya kwanza homa haikushuka. Siku ya pili mama akawa anaongea na ng'ombe waliokufa zamani, anawaita kwa majina. Siku ya tatu majibu yakatoka. Mdudu alikuwa kwenye damu, ameingia kwa njia ya mpira, na dawa karibu zote walizomjaribia hazikumfanya kitu. Amekuwa sugu.

Sista Adela akaja na karatasi mkononi, amevimba kwa hasira, akasimama katikati yetu.

"Mdudu hazaliwi anajua hivi. Amesomeshwa! Nataka kujua nani amemsomesha. Nani amempa mama huyu dawa?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini kabla sijatoa neno mama akasema, kwa sauti ndogo lakini wodi nzima ikasikia:

"Ni mimi. Nilikuwa natuma dukani kwa siri. Mtoto hajui."

"Wewe mama!" Sista akampandishia. "Mtoto anahangaika na wewe usiku na mchana, anakutunza kama yai, na wewe unameza dawa kwa kujificha? Humwonei hata huruma?"

"Nimekosa, mwanangu. Nisamehe," mama akasema, akainamisha kichwa. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, anaomba radhi kwa binti anayelingana na dada yangu. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaguna, "Wazee hawa!" Wengine wakacheka.

Na mimi nikanyamaza! Nikashika ncha ya shuka, nikaanza kuinyoosha.

Sista alipoondoka nikainama sikioni kwa mama. "Mayu, kwa nini?"

"Wewe una miaka mingi ya kuishi na watu," akasema. "Mimi wataninung'unikia siku mbili."

Wakautoa ule mpira, kwa sababu mdudu alikuwa amejenga humo. Siku kadhaa akakaa bila kusafishwa, amevimba uso, anapumua kwa shida, ndipo wakamwekea mwingine upande wa pili. Daktari akatuita akatueleza dawa iliyobaki. Ni sindano. Inaweza kumponya, lakini inaweza pia kuyaharibu masikio, hasa kwa mtu ambaye figo zake haziitoi mwilini. Watapima, watapunguza, watapishanisha siku, lakini hawezi kuahidi.

Mama akauliza, "Bila hiyo?"

Daktari akatikisa kichwa.

"Basi choma," mama akasema. "Masikio ya nini kwenye kaburi? Huko hapiti Deo."

Hata daktari alicheka. Mimi nilitoka nje nikaenda kulia nyuma ya tanki la maji.

Sindano zikamponya. Homa ikashuka, ng'ombe waliokufa wakamwacha, akaanza kuomba chai. Lakini wiki ya pili akaniambia ana nyuki masikioni. "Wanavuma, ng'wanawane, mwanangu. Mzinga mzima." Wakapunguza dawa. Nyuki hawakupungua. Kisha akawa anajibu nisichouliza. Nasema, "Umelalaje?" anasema, "Dada yako hajaja." Kisha akaanza kunitazama mdomo badala ya macho.

Nikaona muda unakwisha. Nikajiambia, leo nitamwomba radhi, kabla mlango haujafungwa kabisa. Nikasubiri saa ya kuona wagonjwa ipite, watu wapungue. Wakabaki wagonjwa saba kwenye vitanda vyao na Sista Adela, siku hiyo zamu yake ikiwa wodini, akigawa dawa kule mwisho. Nikainama karibu kabisa.

"Mayu. Nisamehe. Ni mimi niliyefanya haya."

"Nini?"

"Nisamehe."

"Sema kwa nguvu. Nyuki wanapiga kelele."

Nikapandisha sauti kidogo. Akatikisa kichwa. Nikapandisha tena. Akaweka kiganja nyuma ya sikio, ananitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye ninayeumwa.

Ndipo nikaelewa kwamba siri niliyoificha miezi yote, ili huyu mtu mmoja aisikie, lazima niipigie kelele mbele ya wote.

Nikapiga kelele. "MAYU, NI MIMI! NILIIBANDUA PLASTA! NILIKUPA DAWA NUSUNUSU! NIKAMDANGANYA DAKTARI! NIKAKUACHA UTUKANWE!"

Mgonjwa wa kitanda cha pili akakaa. Kule mwisho sinia la dawa likatua juu ya meza.

Mama akanipapasa shavu. "Umechoka, mwanangu," akasema. "Nenda ukale. Utaniambia kesho."

Hakusikia hata neno! Wamesikia wote, isipokuwa yeye.

Sista Adela akaja. Nilisubiri kofi, nilisubiri matusi, nilivitamani. Alivuta kiti, akakaa, akafungua faili la mama. Kisha akasema, "Haya. Niambie. Dawa gani, lini, siku ngapi."

Nikamwambia zote tatu, na unga wa kwenye plasta. Akaandika. Alipomaliza akasema, "Haya ndiyo niliyoyaomba siku ile. Hapa ndipo tungeanzia."

"Ndiyo, sista."

"Usiniambie ndiyo sista." Macho yake yalikuwa mekundu. "Na mimi nimemtukana mama wa watu bure."

Akasimama, akaenda upande wa mama, akapiga goti kama mtoto anayeamkia, akasema "Shikamoo" kwa midomo mipana ili isomeke. Mama akaisoma. "Marahaba," akaitikia, akiwa haelewi kwa nini binti wa watu analia.

Msomaji, nimeandika haya kwa sababu mama hawezi kuyasikia na hawezi kuyasoma. Dada anasema mama anajua, amejua siku zote, kwa hiyo niache kujitesa. Labda. Lakini kujua kwake si sawa na kuambiwa na mimi.

Kama una mgonjwa mwenye mpira, nakusihi: akitetemeka, usijifanye daktari, na usijifiche nyuma ya mila, umbali wala mvua. Mpeleke! Usinyunyize kitu pale. Usikate dawa kwa sababu amesimama na kula. Binadamu si ng'ombe, na hata ng'ombe, nimejua sasa, tulikuwa tunamkosea. Na kama umeshakosea, sema siku ile ile unapoulizwa. Aibu ya dakika moja mbele ya benchi si kitu. Mimi niliikwepa dakika hiyo, na mama ameilipia kwa masikio yake.

Kopo la juu ya boriti nimelishusha, vidonge nikavirudisha hospitali wenyewe wakaviteketeze. Niliporudi Biharamulo kumsalimia baba nilishusha na la zizini. Mama sasa anasafishwa kwa mshipa waliomuunganishia mkononi, mpira umetolewa. Nyuma ya migomba pikipiki ikikohoa, mama hageuki tena. Mimi ndiye ninayemgusa bega na kumwonyesha kwa mkono kwamba Deo anakuja.